Uliza Tukujibu: Wenye maduka ni wajukuu wa makuli wa reli?

SWALI: Mhariri salaam. Mimi na shemeji tumebishana mpaka chai ikapoa. Yeye anasema Wahindi wote wenye maduka hapa Kenya ni wajukuu wa makuli waliojenga reli, mimi namuuliza kuli wa kupasua mawe mtaji wa duka aliutoa wapi? Tuamulieni. – Mbishi, Mombasa

JIBU: Ndugu Mbishi, anayosema shemeji karibu kila mtu anayaamini, hata mimi niliamini hivyo hivyo mpaka siku nilipokaa nikapiga hesabu.

Reli ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu Desemba 1901, na miaka hiyo waliletwa watu karibu 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, mkataba wa miaka 3, kibarua wa kawaida analipwa rupia 15 kwa mwezi na posho ya chakula, na nauli ya kurudi imo ndani ya mkataba. Hapo kwenye nauli ndo penyewe. Mkataba ukiisha panda meli nenda kwenu. Waliobaki ni kama 6,700 tu, yaani katika kila watu 5 amebaki mmoja. Zaidi ya 6,000 walirudishwa wakiwa wagonjwa, na karibu 2,500 walikufa, ukiwagawa kwenye ile njia unapata kama watu 5 kila kilomita 2.

Na sio simba wa Tsavo waliowamaliza hivyo, ingawa hadithi ya simba ndo tamu. Ni kweli Desemba 1898 mamia ya vibarua walijitupa relini mbele ya treni, ikasimama wakairukia wakarudi zao Mombasa, wanasema walikuja kufanya kazi ya serikali sio kuwa kitoweo cha simba, na kazi ikalala kama wiki 3. Lakini malaria na kuhara viliua wengi zaidi, halafu funza, ndiyo huyu huyu funza wa vidoleni, akawalaza watu na vidonda vya miguu.

Sasa wenye maduka. Hao wengi walikuja kivyao, Wagujarati na Wakachi (watu wa Kutch, magharibi mwa India), nauli wamejilipia au wamelipiwa na ndugu, na biashara yao Zanzibar na pwani ilikuwepo zamani kabla reli haijafikiriwa. Mcheki mfanyabiashara Allidina Visram, alitoka Kutch 1863 akiwa kijana mdogo tu, akajifunza kazi Bagamoyo kwa mfanyabiashara Mhindi Sewa Haji, reli ilipoanza kupanda bara yeye yuko nyuma yake anafungua maduka mpaka Uganda. Mtaji unaouliza ulikuwa ni ukoo, kijana anaitwa na mjomba, anauza miaka kadhaa na kulala humo humo dukani, akishaiva anapewa mali kwa mkopo aende mji mwingine akajaribu lake. Na kulima kule nyanda za juu asingeweza hata angetaka, zilitengwa kwa Wazungu na Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, ukakazia hapo hapo.

Wale waliobaki baada ya reli? Wengine waliendelea na kazi za reli, wengine useremala na uashi, wengine walipata mashamba Kibos kule Kisumu wakalima miwa. Wapo waliofungua viduka pia, kwa hiyo shemeji mpe nusu pointi. Ila usisahau kuna Wahindi hawakuwa na duka wala kontrakti ya reli, kama Makhan Singh, alikuja Nairobi 1927 akiwa bado mtoto, 1935 akaanzisha chama cha wafanyakazi, na 1950 akakamatwa kwa kudai uhuru, wakamtoa 1961. Miaka 11 bana!

SWALI: Na huyo Jeevanjee wa ile bustani ya Nairobi naye alikuwa kuli? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Wapi! Yeye ndo aliwaleta makuli. Alikuwa mfanyabiashara wa Karachi, akapata tenda ya kuleta vibarua na kuwalisha, pesa ikaingia kisawasawa. Bustani aliitoa kwa mji 1906, lakini kabla ya hapo, 1902, alishaanzisha gazeti pale Mombasa likiitwa African Standard, ndilo hilo Standard linalouzwa mpaka leo.