Kwa nini Padri Frans hakutoka Homs

Ndugu, umeuliza kwa nini kila tarehe 7 Aprili tunamwombea Padri Frans van der Lugt, na kama haikuwa ukaidi tu kubaki Homs, mji wa Syria uliokuwa vitani, wakati njia ya kutoka ilikuwepo.

Njia ilikuwepo kweli. Februari 2014 Umoja wa Mataifa uliwatoa watu zaidi ya elfu moja kwenye mji mkongwe uliozingirwa. Yeye akabaki na Wakristo wachache waliosalia, pamoja na majirani Waislamu. Watu walikuwa wanachuma majani ya porini wapate cha kutia chunguni, na mzee huyu wa miaka 75 alikuwa anazunguka kwa baiskeli kuwajulia hali.

Tena hakuwa mgeni wa kupita. Mholanzi, Mjesuiti (mtawa wa shirika moja la Kikatoliki), aliingia Syria mwaka 1966. Alisomea saikolojia, na nje ya Homs akaanzisha shamba la Al-Ard, ambako watu wenye ulemavu walifanya kazi na kupata mahali pa kuwa. Vijana aliwachukua matembezi ya siku kadhaa kwa miguu, Wakristo na Waislamu pamoja, na (hili wengi huwashangaza) aliwafundisha yoga.

Tarehe 7 Aprili 2014 mtu aliyefunika uso aliingia kwenye nyumba ya Wajesuiti akampiga risasi. Zilibaki siku tatu atimize miaka 76. Amezikwa palepale bustanini.

Ukaidi? Mimi naona alikataa tu kuhama nyumbani kwake.