Maswali yenu: dhoruba za alfajiri, ziwa kupanda na mawe ya mlimani

Wingu likitanda tu juu ya Ziwa Victoria, upande wa Ukerewe, simu yangu hujaa maswali yenu watu wa Mwanza. Leo nimechagua yale yanayorudiwa zaidi.

Baba yangu anavua dagaa. Anasema ziwa huchafuka zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri kuliko mchana. Ni kweli, au ni mazoea ya wazee tu? (Kijana, Kayenze)

Mzee yuko sahihi. Mchana nchi kavu hushika joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara na mawingu hujikusanya huko. Usiku mambo hugeuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu wake, na upepo unaingia ziwani kutoka fukwe za pande zote. Ukikutana huko katikati hauna pa kwenda ila juu, na kwa kuwa hewa ya ziwani imejaa unyevu, linafumka wingu la radi. Ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800 lina uwezo wa kujitengenezea hali ya hewa yake.

Balaa ni kwamba saa hizo ndizo za dagaa. Taa huwashwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa hiyo zamu ya mvuvi na zamu ya dhoruba zinaangukiana. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kuwa ziwa hili linaua watu kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika nchi zake tatu.

Dalili ya kuangalia ni hii: upepo uliokuwepo unakatika, joto linakuwa la kunata, halafu ghafla unapigwa na baridi kutoka upande wa wingu kabla hata tone la mvua halijadondoka. Hiyo ni hewa inayoporomoka pamoja na mvua na kuitangulia, na mawimbi yanakuja nayo. Ukiipata bado unavuta nyavu, umeshachelewa. Najua bei ya nyavu, lakini ziache. Na jaketi okozi livaliwe. Kwenye mialo yetu utaliona limekunjwa chini ya makalio ya nahodha kama mto wa kukalia. Mwambie mzee pia asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni, kabla ya kutoka. Wa asubuhi umeshapitwa na wakati ikifika saa ya kuwasha taa.

MV Bukoba na MV Nyerere zilizamishwa na upepo? (Mama wa watoto watatu, Buhongwa)

Hapana, mama. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, ikaua watu zaidi ya 800, na wengi wao wamezikwa pale Igoma. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, imejaa watu waliotoka gulioni Bugolora. Walikufa 228, na kivuko chenyewe kilijengwa kubeba watu 101. Kote kuwili tatizo lilikuwa chombo kuzidiwa. Upepo hauitwi mahakamani kujitetea, ndiyo maana ni rahisi kuusingizia.

Maji yamefika ukutani kwangu. Watu wanasema Uganda wamefunga bwawa kule Jinja. Tuamini? (Mfanyabiashara, Kirumba)

Maneno haya hurudi kila ziwa likijaa. Ni kweli maji yetu yana njia moja tu ya kutokea, Mto Nile pale Jinja, na bwawa la Owen Falls lipo tangu 1954. Lakini karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, wala si mito, na mengi huondoka kwa kukauka na jua. Kwa hiyo mvua ikizidi misimu miwili mfululizo, ziwa linapanda, bwawa liwepo lisiwepo. Bwawa nalo halina usafi wote: ziwa liliposhuka sana 2005 na 2006, ukame ulichangia na maji kupitishwa kupita kiasi kulichangia.

Tena si jambo geni. Mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, ndizo zilizoanza kulipandisha, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda takriban mita mbili na nusu. Rekodi hiyo ilivunjwa Mei 2020, na 2024 ikavunjwa tena. Wengi wetu tulijenga katika miaka ya katikati, ziwa likiwa limejivuta, tukadhani ule ndio mpaka wake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukitaka kununua kiwanja, usipime kutoka maji yalipo leo. Waulize majirani yalifika wapi mwaka 2024, uanzie hapo.

Nyumba yetu iko mlimani, chini ya jiwe kubwa. Litaanguka siku moja? (Mpangaji, Igogo)

Jiwe lenyewe limekaa hapo kabla ya babu zetu. Liangalie chini yake. Mawe haya hukalia udongo na mawe madogo, na tukichimba kupata kiwanja, au maji ya bati la jirani yakielekezwa hapo, tegemeo linaliwa polepole. Wapasua kokoto wanaowasha moto juu ya mwamba ili upasuke nao wanaongeza nyufa. Ukiona ufa mpya, udongo uliokatika karibuni au maji ya matope yakitoka chini ya jiwe wakati wa mvua, usilale hapo usiku huo. Mwite mwenyekiti wa mtaa aje aone kwa macho yake, na ikibidi piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Wa Mabatini walio kando ya Mto Mirongo, hatari yenu ni nyingine: mvua ikipiga milimani, maji ya vilima vyote vinavyowazunguka huwafikia ndani ya muda mfupi, huku taka zimeziba madaraja.

Nguo nyekundu huvuta radi? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Hapana, wala kioo. Radi hutafuta kilicho juu na kilicho peke yake: mwembe uwanjani, mtu aliyesimama kwenye mtumbwi. Ingia ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa vioo. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kwa hiyo mguse. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua mara moja.

Kimbunga kama Hidaya kinaweza kutufikia? (Dereva bodaboda, Usagara)

Hidaya, Mei 2024, kilipiga pwani na kufifia kilipogusa nchi kavu. Vimbunga hula joto la bahari, na sisi tuko mbali nayo. Tena tuko karibu mno na ikweta, ambako upepo haupati mzunguko wa kutosha kujenga kimbunga. Kinachong'oa mabati yenu Usagara ni upepo wa mawingu ya radi, na misumari michache.