Kwa binti wa Chake anayetaka kwenda melini

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa binti wa Chake Chake, Pemba. Ameziona picha zangu za Santorini na Istanbul, na anauliza mambo matatu kwa pamoja: kazi ya meli za kitalii inapatikana vipi, siku za mapumziko nazizungukaje nchi zote hizo, na mama yake afanywe vipi mpaka akubali. Mwisho akaandika, "Dada, na mimi nataka kuiona dunia." Nilianza kumjibu faraghani, jibu likawa refu, na kwa kuwa ujumbe wa namna hii haunikatikii, nimeona niliweke hapa mlisome nyote mnaoitaka safari hii.

Nianze na siku za mapumziko. Mdogo wangu, melini hakuna siku ya mapumziko. Hakuna Ijumaa, hakuna Jumapili, hakuna Idi. Ukisaini mkataba wa miezi saba utafanya kazi kila siku ya miezi hiyo saba. Mimi ni mhudumu wa vyumba. Natandika, nasafisha vyoo, nabadilisha mataulo, asubuhi mara moja na jioni mara nyengine, vyumba karibu ishirini. Mapumziko yetu yanahesabiwa kwa masaa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unataka baharia apate si chini ya masaa 10 ya kupumzika ndani ya kila masaa 24, yasigawiwe zaidi ya mara mbili, na kipande kimoja kisipungue masaa 6. Kwa mhudumu wa vyumba kile kipande kidogo huangukia mchana, vyumba vya asubuhi vikishakwisha na zamu ya jioni haijaanza. Meli ikiwa gatini, hapo ndipo unapoiona dunia. Unatoka saa sita na nusu, saa kumi uko ndani unavaa sare. Ndiyo maana picha zangu nyingi zina jua la utosini.

Na hata masaa hayo si yako kila bandari. Meli haiachwi tupu. Sehemu ya wafanyakazi lazima ibaki ndani kwa ajili ya moto na dharura, na jina lako likiwa kwenye orodha ya siku hiyo hutoki, hata kama ni bandari uliyoiota tangu uko skuli. Kuna siku za mazoezi ya kuokoa watu. Kuna bandari ambazo meli haifungi gati. Santorini ni hivyo: meli inasimama kwenye maji, watu wanashushwa kwa boti ndogo, abiria mbele na sisi nyuma. Ukifika bandari ya chini unaukuta mji wa Fira uko juu ya jabali, na huko kunapandwa kwa gari la waya lenye foleni yake au kwa ngazi karibu 600. Nilipanda ngazi. Nilifika juu nikatazama bahari, nikapiga picha mbili tatu, nikanywa maji, nikateremka. Hizo ndizo picha ulizoziona, na nilizifurahia kuliko wageni waliokuja na siku nzima mkononi.

Sasa, kupata kazi. Mimi ni mtu wa Wete. Mara ya kwanza nilipoitafuta kazi hii, wakala mmoja Dar es Salaam alitaka pesa "ya kushika nafasi". Mama alitoa pesa za karafuu za msimu ule, zile alizozichuma na kuzianika mwenyewe. Wakala akapokea, akasema subiri wiki mbili, kisha simu yake ikawa haipatikani mpaka leo. Nikiandika haya mkono bado unakuwa mzito. Kwa hivyo lishikeni neno hili: mkataba ule ule wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kulipia wewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Mtu akikuambia toa milioni ndipo jina lako liende mbele, muage vizuri uondoke. Ukiwa na shaka na ofisi yoyote, kaulize Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kabla hujatoa hata shilingi.

Kilichonifungulia mlango ni kazi. Nilifanya usafi wa vyumba hoteli moja Nungwi mpaka mikono yangu ikaijua kazi ile gizani, nikasoma mafunzo ya usalama ya mabaharia, yale ya kuzima moto, kujiokoa majini na huduma ya kwanza, ambayo kwetu hutolewa Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Kingereza nilikipata kwa wageni. Usaili ulifanywa kwa video, na maswali karibu yote yalikuwa ya vyumba: utaanza wapi, utamwambia nini mgeni aliyelala mpaka mchana. Aliyetandika vitanda mia anajibu bila ya kufikiri. Basi usidharau hoteli za Nungwi na Kiwengwa, huko ndiko skuli yetu ilipo.

Siku nilipopata tiketi, ami yangu alisema mbele ya wazee kwamba mtoto wa kike halali juu ya maji na wanaume asiowajua. Watu wakanyamaza. Mama naye akanyamaza, na kimya chake ndicho kilichoniuma. Nilipanda boti Mkoani bila ya mtu kunipungia mkono. Leo hii operesheni ya macho ya ami huyo huyo nimeilipia mimi kwa vitanda vya watu, na nimeilipia kwa moyo mweupe, lakini maneno yale hajayafuta na mimi sijayasahau.

Mambo yaligeukia Muscat, kule Oman. Majira ya baridi ya Ulaya baadhi ya meli hukimbilia Ghuba, na yetu ilikuwa ikitoka Dubai. Nilijua kwamba soko la Mutrah liko karibu kabisa na bandari, ila nilikuwa nimesoma pia kuwa maduka yake hufungwa mchana mpaka alasiri, yaani katika masaa yangu yale yale. Kwa hivyo siku kadhaa kabla nilimuomba mwenzangu wa Ufilipino tubadilishane zamu, tukamwendea msimamizi pamoja, akakubali. Asubuhi nikapanda basi la bandari mpaka getini, maana ndani ya bandari huruhusiwi kutembea kwa miguu, nikafuata ufukwe na ile ngome ya Wareno iko juu ya mlima, nikaingia sokoni. Harufu ya ubani, haluwa, vitambaa. Nilikuwa nauliza bei ya haluwa kwa Kiarabu changu cha chuo cha Qur'ani, nyuma yangu bi mkubwa mmoja akasema kwa Kiswahili safi, "Mwambie akupunguzie, wewe mtoto wa kwetu."

Kizazi cha watu waliotoka Unguja na Pemba kwenda Oman bado kinasema Kiswahili, na wapo wengi. Lakini kulijua jambo na kulisikia sikioni ni mambo mawili. Bi mkubwa yule alizaliwa Wete, akaondoka mdogo. Akanihoji mimi ni mtoto wa nani, wa nani, wa nani, mpaka tukafika kwa babu yangu, na babu alikuwa anamjua. Akaniuliza kama kwetu bado watu wanapika boko boko siku ya Idi. Nilimpigia mama kwa video pale pale sokoni. Wakazungumza wao, mimi nimeshika simu tu. Bi mkubwa akamwambia mama, "Mwanao nimemuona kwa macho yangu, amejisitiri, ana adabu, anafanya kazi yake. Muombee dua." Mama alilia. Tangu siku hiyo hajawahi kuninyamazia, na akiulizwa barazani niko wapi, anataja bandari kwa jina lake. Babu zetu walikwenda Muscat kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na wake zao walingoja msimu mzima bila ya habari. Mimi nimekwenda kwa meli yenye lifti, na bado nyumbani ilihitajika habari ya kinywani mwa mtu.

Hayo yote yalitokea kwa sababu niliipanga bandari kabla ya kufika. Ushauri wangu mkubwa ni huo, nitaurudia mpaka mchoke. Jua gati liko wapi na mji uko wapi. Napoli unashuka na uko mjini, Castel Nuovo iko mbele yako, utembee upendavyo. Civitavecchia wanaiita bandari ya Roma, lakini Roma yenyewe iko karibu kilomita 80, na treni inakula karibu saa kwenda na karibu saa kurudi. Kwa masaa yetu usijaribu, zunguka pale pale. Istanbul meli zinafunga Galataport, bandari ya abiria iliyofunguliwa 2021, na tramu inakuvusha daraja la Galata. Mimi nilikwenda kwa miguu mpaka msikiti wa Süleymaniye, ule alioujenga Mimar Sinan kati ya 1550 na 1557, nikaswali adhuhuri chini ya kuba lile, mtoto wa Wete. Mtandio huwa ndani ya mkoba wangu kila bandari. Kazini sare ni sare, na kila kampuni ina sheria yake, kwa hivyo suala la kujifunika ulize kwa maandishi kabla ya kusaini, na la chakula pia.

Fuata saa ya meli. Baadhi ya bandari saa ya mjini na saa ya meli hazilingani, na simu hujibadilisha yenyewe bila ya kukuuliza. Sisi tunatakiwa kuwa ndani kabla ya abiria, na meli haimsubiri mfanyakazi. Ukiachwa, nauli ya kuifuata bandari ya mbele ni juu yako, na kazi inaweza kuishia hapo gatini.

Na jamani, tokeni. Nawaambia khasa watoto wa Kizanzibari. Wapo wenzetu wanaomaliza mkataba mzima hawajakanyaga ila duka la kwanza lenye waifai nje ya geti. Wanapiga simu nyumbani, wananunua viatu, wanarudi kulala. Usingizi una haki yake, siku nyengine nami hulala, lakini kulala kila bandari ni kujidhulumu. Qur'ani imetuambia tutembee katika ardhi tutazame. Waifai utaipata pia kwenye nyumba za mabaharia, kama za Stella Maris zilizoko bandari nyingi. Ni za kanisa, lakini hawakuulizi dini yako, wanakupa kiti na mtandao. Na pesa usizimalize zote kutuma. Watu wa nyumbani wakizoea kupokea kila kitu hawatakumbuka kukuuliza kama umekula. Tenga kidogo cha bandari, nauli ya tramu na chai, na usiombe radhi kwa hicho kidogo.

Limebaki swali la mama yako. Usimtoroke, na usimpelekee maneno ya watu wa mtandaoni, hata haya yangu. Mpelekee mkataba. Kaa naye umsomee kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu: mshahara, muda, nani analipa tiketi ya kurudi, utalala na nani chumbani (wasichana hulala na wasichana, wawili kwa chumba mara nyingi). Muachie nakala, jina la meli, ratiba ya bandari na namba ya ofisi ya kampuni. Akitaka kuzungumza na mtu aliyekwisha kwenda, anipigie mimi, namba yangu nimekutumia kwenye ujumbe. Apige baada ya isha ya huko kwetu, wakati huo mara nyingi huwa nimemaliza vyumba vya jioni.