Mashine ya kufuma masweta imelala stoo? Likizo hii itoe

Habari zenu wapendwa. Najua wengi wenu nyumbani mna mashine ya kufuma masweta, ya mama au ya shangazi au ile iliyobaki baada ya kikundi cha akina mama kuvunjika, imefungwa shuka juu ya kabati na ukiuliza unaambiwa hiyo mbovu. Ya kwetu ilikaa hivyo miaka na miaka, na sisi tuko Njombe, baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 mnaijua ilivyo, alafu kila mwaka tunaenda dukani kununua sweta la shule ambalo likifuliwa mara mbili tatu viwiko vimeshalegea. Likizo ya Juni nikaishusha, na sasa siirudishi juu ng'o, kwahiyo acha niwaambie niliyoyaona ili na nyie msiuze za kwenu kwa watu wa vyuma chakavu.

Kikubwa kabisa ni hiki: mashine nyingi zinazoitwa mbovu ni nzima, kilichokufa ni sponji. Naongelea zile za Kijapani za kusukuma kwa mkono, kina Brother na Silver Reed, zenye sindano 200 kwa mstari mmoja. Ukiangalia pale sindano zilipopangwa kuna ufito mwembamba mrefu unaochomolewa kwa ubavuni, na ndani yake kuna sponji, kazi yake ni kuzikandamiza sindano zikae chini. Sponji ikikaa miaka inasinyaa, nyingine inayeyuka kabisa inakuwa kama ulimbo mweusi, basi sindano zinainuka zinagongana na keriji (ile unayoisukuma kulia na kushoto), vitanzi (vile vijiduara vya uzi vinavyokaa kwenye sindano) vinaporomoka, keriji inakwama, na wewe unasema mashine imekufa! Kumbe wala. Chomoa ule ufito, kwangua uchafu wote wa zamani, nenda kwa fundi makochi akupe kipande cha sponji, kata upana unaoingia kwenye mfereji wake, gundisha na gundi ya viatu na juu yake weka kitambaa laini ili sindano ziteleze. Isiwe nene mno lakini, ukirudisha ufito na keriji ikawa nzito kusukuma ujue umezidisha, punguza.

Mafuta ya zamani nayo yanaganda. Futa kwa spiriti, sindano zitoe moja moja uzilowekee humo humo, zikikauka paka mafuta ya cherehani kidogo tu. Mafuta ya kupikia usithubutu, yatanata upya. Na kila sindano ijaribu ule ulimi wake mdogo, unatakiwa ufunguke na kufunga wenyewe bila kung'ang'ania. Ukikuta mbovu na huna za kubadilisha, chukua nzima kutoka kule mwisho mwisho wa mashine ulete katikati, ile mbovu ipeleke pembeni, kwa sababu masweta ya watoto hayafiki kule hata siku moja.

Kwanini nasema likizo? Mashine hii inataka ifungwe kwenye meza imara na iachwe hapo hapo, ukiifunga na kuifungua kila jioni utachoka wiki ya kwanza. Likizo mnaweza kula kwenye mkeka, meza ikawa ya kazi. Alafu watoto wapo. Wa darasa la 3 na la 4 kazi yao kukunja uzi, maana uzi wa dukani ukiutumia ulivyo unavuta unakaza, lazima ukunjwe upya ulegee, na ukiwa unakwaruza unaupitisha kwenye kipande cha mshumaa unateleza vizuri kabisa. Mkubwa anahesabu mistari, keriji ikipita mara moja ni mstari mmoja. Umeme ukikatika hamna shida maana ni nguvu ya mkono, ila kama mnakaa nyumba ya kupanga usifume usiku, ina kelele jamani, majirani nao wanataka kulala.

Sasa sampuli, yaani kipande kidogo cha kupimia kabla ya sweta lenyewe, hapa ndo wengi wanaruka na ndo sweta linapoharibikia. Fuma kitanzi 40 kwa mistari 60, toa, fua, acha ilale mpaka kesho, maana kitambaa kikitoka tu kwenye mashine kimevutwa na vile vyuma vizito vinavyoning'inizwa chini yake, ukikipima hapo hapo kinakudanganya. Tuseme kesho vile vitanzi 40 vina upana wa sm 14, na mistari 60 ina urefu wa sm 15. Mtoto kifua sm 70, ongeza 8 apumue na avae juu ya shati, 78, nusu yake 39, huo ndo upana wa kipande cha mbele, na cha nyuma hivyo hivyo. Kitanzi 40 kwa sm 14 ni karibu 2.86 kwa sentimita, zidisha kwa 39 unapata kama 112, ongeza 2 za kuunganishia ubavuni, anza na 114. Mistari ni 4 kwa sentimita, kwahiyo sm 36 mpaka kwapani ni mistari 144. Mwache mtoto apige hiyo hesabu mwenyewe, wangu alikuwa anakimbia desimali lakini kwenye sweta lake alizikaa nazo mpaka zikatoka, nilifurahi sana.

Uzi ukiwa bei, nenda mnadani kwenye mitumba, lakini geuza sweta ndani kwanza uangalie mishono. Ukiona limepigwa ovaloki maana yake kitambaa kilikatwa, ukifumua utapata vipande vifupi vifupi tu, liache. Ukiona kingo zimefumwa nzima na kuunganishwa kwa uzi tu, hilo linafumuka uzi mrefu mpaka mwisho, lifumue, uzi wake uufue, uuanike na kauzito usijikunje.

Likiisha sweta la akriliki usilipige pasi ya moto, linalegea moja kwa moja na halirudi, tandaza juu yake kitambaa kibichi likauke lenyewe. Na shule zikifunguliwa ukalazimika kurudishia watu meza yao, chomoa ule ufito wa sponji uuhifadhi pembeni, usiuache ndani umekandamizwa na sindano mpaka Desemba.