Zotero, Mendeley au EndNote?

Dada, umeuliza uchukue ipi kati ya programu hizi tatu za kutunza na kupanga marejeo kwa tasnifu yako ya uzamili hapo Maseno. Chukua Zotero. Ni ya bure, ipo tangu 2006, na inaelewana na Word, LibreOffice na Google Docs. Bando likiisha bado utaendelea kuandika, kwa sababu maktaba yako yote imo ndani ya kompyuta. EndNote ni ya kulipia. Kama chuo hakikulipii, iache.

Mendeley, ambayo wachapishaji wa majarida Elsevier waliinunua 2013, inakupa GB 2 za bure mtandaoni, Zotero MB 300 tu. Usitishike. Kinachojaza nafasi hiyo ni faili za PDF, si marejeo yenyewe. Ziache PDF kwenye kompyuta, na nakala kwenye flashi.

Ila nakusihi, kila ukiingiza makala kagua jina la mwandishi papo hapo. Mimi nilimaliza sura nzima ndipo nikaona jina la ukoo “Otieno” limeingia kwenye kisanduku cha jina la kwanza, tena kwa makala kumi na moja! Nilikesha nikirekebisha moja moja, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kumkabidhi msimamizi.