Kabla hujamshusha mzazi wako Dar, soma hapa

Kuna msomaji kaniandikia. Baba yake yuko kijijini, anakaribia miaka 80, magoti yanamsumbua, na nyumba ya jirani ndiyo yenye mtu wa karibu zaidi wa kumwita. "Dada, nataka nimlete mjini apumzike. Wewe kwa mama ulifanyaje?"

Apumzike na nini, mdogo wangu? Hilo ndilo swali ambalo kwetu halikuulizwa.

Sisi watu wa mlimani, Kilimanjaro, tunajuana. Watoto wote Dar, Arusha, na wengine ughaibuni, Desemba tunapanda na magari, tunakula mtori, tunachinja, na mwaka mpya ukiingia tu tunashuka. Mama anabaki na kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kuku na ng'ombe wake mmoja wa zizini. Mwaka ule baada ya Krismasi tulikaa kikao, na kaka mkubwa akatoa hukumu: ng'ombe auzwe, Mama ashuke Dar. Amekata majani tangu tukiwa wadogo, inatosha. Mama alisema, "Sawa, wanangu." Mzee akisema sawa haraka namna hiyo, ujue hajakubali.

Ng'ombe aliuzwa wiki ileile.

Nyumba ya kaka ni nzuri, sina ubaya nayo. Geti, feni, tamthilia za Kituruki kuanzia jioni. Mama alikaa kwenye kochi. Alfajiri alikuwa akiamka afagie uwanja, dada wa kazi akalalamika kwamba anaonekana hafanyi kazi, basi Mama akakatazwa ufagio. Kanisani anapelekwa kwa gari, anarudishwa kwa gari. Hakuna wa kusalimiana naye njiani. Akaanza kuacha chakula, miguu ikavimba hadi kandambili zikawa hazimwingii, presha ikapanda. Kila nikienda kumwona ananiambia jambo moja: nirudisheni kwangu.

Nilichukua likizo nikamrudisha mwenyewe. Kwenye grupu la familia iliandikwa kwamba natafuta sifa, na kwamba Mama akifia kule kijijini nijue wa kulaumiwa. Ujumbe huo sijaufuta. Nikikasirishwa na mambo mengine huwa naufungua nausoma tena, Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo pana faida. Siku tuliyokwenda kliniki ya presha, daktari aliuliza dawa anazotumia. Mama akataja za presha tu. Mimi nikakumbuka kopo la Blue Band analoweka kwenye mkoba, nikalimwaga mezani. Ndani mna kitambulisho, rozari, sarafu, na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Diklofenaki. "Hivyo si dawa," Mama akasema, "hivyo ni vya magoti." Alikuwa akinunua duka la dawa la sokoni miaka na miaka, na Dar alikuwa akimtuma dada wa kazi yuleyule.

Daktari alitueleza taratibu. Vidonge vya maumivu vya aina ile vinaufanya mwili ushike chumvi na maji, ndiyo maana miguu inavimba. Vinapandisha presha, vinapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na vikitumika muda mrefu vinaumiza tumbo na figo. Tena zile za presha zenyewe Mama alikuwa anameza kichwa kikimuuma tu, kisipouma anaziweka akiba. Presha mara nyingi haiumi, dawa yake inamezwa kila siku hata ukijisikia mzima. Alibadilishiwa dawa ya maumivu, akafundishwa zoezi la kukaa na kusimama kwenye kiti ili misuli ya mapaja ibebe magoti.

Kwa hiyo niwe mkweli: si kochi la kaka peke yake lililomvimbisha miguu. Lakini kochi halikumsaidia.

Macho nayo. Kijijini walikuwa wakisema ni uzee, kumbe ni mtoto wa jicho. Tulimpeleka hospitali ya KCMC, Moshi. Upasuaji wake ni mfupi, wanatia ganzi ya jicho tu, mgonjwa yuko macho. Alipofunguliwa bandeji, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nimezeeka.

Mengine ni ya fundi. Ile nyumba tuliyomjengea kwa kujisifu ina vigae bafuni vinavyoteleza ukivikanyaga na maji, nikaweka mpira chini na bomba la chuma ukutani la kushikilia. Njia ya choo cha nje ikapata taa ya sola. Mzee akivunjika nyonga, hadithi inabadilika kabisa.

Na ng'ombe? Sikumrudisha. Kukata majani na kupanda nayo mteremko wakati wa masika kulikuwa kunamuua kweli, kaka hakukosea hapo. Nilimnunulia mbuzi wa maziwa. Kijana wa jirani analeta majani kwa malipo, Mama analisha, anakamua, anauza maziwa, na hela yake anaifunga kwenye kanga bila kumwomba mtu. Jumuiya ya kanisa anakwenda kwa miguu. Wale walioandika kwenye grupu sasa wanamposti Mama na mbuzi wake.

Ninyi mnaotuma hela kila mwisho wa mwezi mkadhani mmelea, hela haimwagi kopo mezani. Nenda. Kaa naye kliniki, mwulize kila anachomeza, hata kile asichokiita dawa. Mwulize anataka kuishi wapi, na umwulize mkiwa wawili, si mbele ya kikao cha wanaume. Kazi inayomchosha mpunguzie, usimnyang'anye. Hospitali ya serikali ulizia dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure, ila dirishani wakisema dawa imeisha, duka la nje halijui sera, kwa hiyo acha hela ya dawa kwa mtu unayemwamini.

Nawe msomaji wangu, kabla ya kukata tiketi ya basi ya baba, nunua mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Apumzike dakika 5 ameketi ndipo apimwe, na namba ziandikwe kwenye daftari. Peleka daftari hilo kwa daktari. Halafu mwulize baba.

Kaka, najua huwa unasoma hapa kimyakimya. Hela ya majani ya mwezi huu bado.