Unasoma ukurasa mmoja mara nne na hauingii? Soma haya kabla hujajiita mvivu

Salaam aleikum mdogo wangu wa Malindi. Swali lako nimeliona tangu juzi, kwamba unajiandaa na mtihani wa CPA, ule wa uhasibu, unarudia ukurasa mmoja mara nne na ukifunga kitabu hukumbuki hata kichwa cha habari, sasa umeanza kujiuliza kama una kasoro kichwani au ni uvivu tu. Naona wengine wamekwambia tia nia, mwengine kakwambia unywe maji mengi. Haya. Mimi yalinikuta hayo hayo hapa Lamu, nina miaka 44, naweka hesabu kwenye duka la hadwea na mwaka juzi nikajitia kusoma kozi ya hesabu za biashara kwa moduli, usiku nikitoka kazini. Moduli ya kwanza ilinichukua miezi mitano. Kijitabu chembamba tu, yani aibu.

Nikaanza na kliniki moja, sitaitaja. Nikaeleza, nikasimamishwa mbele ya ule ubao wa herufi ukutani, mita 6, nikasoma mpaka mstari wa chini kabisa bila kusita. Nikaambiwa macho yako mazima, una stres, nikaandikiwa vitamini za shilingi 1,800. Nikazimeza zote na ukurasa bado hauingii.

Aliyegundua ni binti yangu. Siku hiyo yuko dukani, mteja anauliza gundi hii inaisha lini, mimi nikachukua kopo nikatoka nalo nje kwenye kichochoro nipate jua, nimelinyoosha mbele mkono mzima, nakunja uso, ndo kwanza nimeiona 2 ya mwanzo nasikia "simile! simile!" punda huyo na mifuko ya saruji, nikajibana ukutani kopo likaanguka. Mtoto anacheka mpaka machozi, ananiambia baba wewe huoni karibu, kila kitu unakitoa nje. Na kweli, nilikuwa nafanya hivyo zaidi ya mwaka, sijawahi kukaa nikajiuliza kwa nini.

Baadaye ikapita kambi ya macho nikaenda. Yule mtaalamu hakunipeleka ukutani kwanza, alinipa kikadi kidogo nikishike kama sentimita 40 kutoka usoni, pale pale nikakwama mstari wa tatu. Akanieleza kwamba lenzi ya jicho inakuwa ngumu kadiri umri unavyokwenda, kwenye miaka 40 hivi ndo wengi wanaanza kushindwa kuona karibu, na ule ubao wa mita 6 unapima mbali tu, kwa hiyo mtu anaweza kuufaulu vizuri huku kitabu kinamtesa. Miwani ya +1.50, basi. Najua utasema mimi bado kijana. Sawa, lakini wapo vijana wenye shida ya kuona karibu tangu utoto na hawajui, kwa sababu lenzi yao bado laini na wanaikaza kwa nguvu bila kujijua, robo saa ya kwanza mambo poa, halafu kichwa kinagonga, mistari inacheza, na akili yenyewe inatafuta pa kutorokea. Mtu anaita hiyo kukosa umakini. Kapimwe, na uwaambie kwa mdomo wako "nipimeni na karibu".

Sasa usidhani nilivaa miwani nikawa mwanachuoni. Herufi zilikuja wazi kabisa na bado nikawa natoroka. Hapo ndo nikajua kuna simu. Siku moja nikachukua chaki, kila nikiishika simu bila sababu napiga mstari kwenye meza ya duka, saa moja tu, mistari 17. Kumi na saba! Na zaidi ya nusu hakuna aliyenitafuta, mkono unaenda wenyewe. Kuizima sauti hakukunisaidia, kuilaza kifudifudi ndo kabisaa, nilichoweza ni kuifungia kwenye droo ya risiti na ufunguo nampa mke wangu, ambaye hana huruma.

Usingizi nao. Nilikuwa nalala saa saba usiku, alfajiri niko macho, yani saa nne hivi za kulala, na mtu mzima anahitaji saba kwenda juu. Nikahamisha kusoma kutoka usiku kwenda baada ya sala ya alfajiri, napanda darini kuna upepo, mji umetulia, utasikia punda wawili watatu tu. Miraa nilijaribu kabla ya hapo maana washkaji walisema inafungua kichwa. Macho yalikuwa wazi mpaka asubuhi, mstari niliokuwa nausoma ni ule ule.

Kuna ile njia ya dakika 25 unasoma, 5 unapumzika, inaitwa pomodoro, nyinyi wa Malindi kwa vile mmezoeana na Wataliano mnajua hiyo ni nyanya, aliyeianzisha ni Francesco Cirillo akiwa mwanafunzi miaka ya 80 mwishoni, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ni nzuri ila mimi 25 zilinishinda. Nilianza na 7. Usione haya kuanza na 7, nilikaa wiki nzima hapo ndo nikaenda 10.

Lakini kilichonikomboa hasa ni kitu cha utotoni. Unakumbuka chuoni, madrasa, tulivyosomeshwa, unashika njiti ya ufagio wa chelewa, unaipitisha chini ya kila herufi na unatamka kwa sauti, ukiruka neno mwalimu anakurudisha. Hakuna aliyesoma kimya pale. Nikajiambia si ndo hivi nilivyojifunza kusoma, nani kaniambia niache? Nikachomoa njiti moja kwenye ufagio wa nyumbani nikaanza nayo ukurasa wa kwanza wa moduli ya pili, njiti chini ya mstari, sauti ya chini kama ninayeteta na mtu. Macho hayarukiruki, na mawazo yakitoroka unashtukia mapema kwa sababu sauti inakatika. Kusoma kimya unaweza kumaliza kurasa mbili huku unawaza bei ya misumari.

Alafu ile kukumbuka. Nikimaliza kipande nafunga kitabu namweleza mtu kwa Kiswahili, maana vitabu vyetu ni vya Kiingereza na ukivikariri hivyo hivyo vinapita tu. Kuna siku nimesoma uchakavu wa mali nikamfuata mama, nikamwambia tuseme mashine ya boti nimenunua 300,000, itafanya kazi miaka 10, kwa hiyo kila mwaka naikata 30,000 kwenye vitabu. Mama anachambua mchele, hainui hata kichwa, ananiuliza, "Na punda je? Yule wa babako alokufa mwaka wa pili, amkate vipi?" Nikabaki mdomo wazi. Nikarudi kitabuni, nikakuta ipo, mali ikipotea kabla ya muda wake unaifuta thamani yote iliyobaki kwa mara moja. Hiyo mpaka leo sijaisahau, na ukurasa wenyewe nilikuwa nimeshaupita.

Tuseme na ya hospitali kidogo. Kama hali hii imekuanza ghafla, au baada ya kugonga kichwa, au una huzuni wiki kadhaa huna hamu na chochote, au unachoka ovyo, usishinde hapa unasoma majibu yetu, nenda kwa daktari. Upungufu wa damu peke yake unatosha kukufanya hivyo. Na kama ni tangu mdogo hukai kwenye jambo moja, shuleni, nyumbani, kote, kuna ADHD, hiyo ina wataalamu wake na njiti ya ufagio haiitibu. Kuna na disleksia, yani kichwa kizima ila kusoma maneno ndo shida. Mpwa wangu anayo, kichwa chake kikali ajabu kwenye hesabu, Kiswahili anakisoma polepole ila anafika kwa sababu kinaandikwa kinavyotamkwa, mpe Kiingereza neno kama "enough" anatoka jasho. Walimu walimwita mjinga miaka minne.

Uliuliza pia kama uache kusoma usikilize tu rekodi. Sikiliza huku unafuata kwenye kitabu, kwangu ilifanya kazi. Ukisikiliza peke yake ukiwa umelala utalala.

Mimi sasa niko moduli ya nne ukurasa wa 61. Njiti zinakatika, nachomoa nyengine, na mke wangu ameanza kuulizia kwa nini ufagio wake unanyonyoka.